Fungua Kidogo Tu

Wembley, London
4 Agosti 2024

Dada Dinah,

Nakusalimu wewe kwanza, halafu Mama, halafu wanao wawili na hata yule paka wenu mwizi. Mimi sijambo. Mafua ya mwezi uliopita yameniacha na sasa nala vizuri, maana Mama Sushila, mwenye nyumba ninapopanga chumba, hawezi kupika dengu akanipita. Alizaliwa Kisumu akaja huku msichana, na mpaka leo akikasirika hugombana na jiko lake kwa Kiswahili. Mwambie Mama sijapotea, naishi na mtu wa nyumbani.

Kazi ya uwanjani imesimama kwa sababu ligi haijaanza, na kampuni imenihamisha. Sasa ni bawabu wa nyumba ya ibada, basi moja tu kutoka hapa. Watu wake ni wapole, wananisalimu kwa jina, na Jumamosi hunitolea keki nje. Jumapili napumzika. Nadhani Mama atafurahi kusikia mwanawe amekaa mlangoni pa Mungu badala ya kusukumana na walevi wa mpira.

Sikupiga simu kwa sababu ileile. Tangu jirani alipotuletea simu yake siku aliyokufa Baba, najua simu ikilia Mama hutoka nje ya nyumba. Basi mpe karatasi hii aishike. Niulizie na goti lake, na macho yake yanaendeleaje.

Nduguyo,
Lawrence


Frere Town, Kisauni
25 Agosti 2024

Mdogo wangu Lawrence,

Barua yako ilifika katika sanduku la shule na mwalimu mkuu akaniletea darasani, watoto wote wakataka kuona stempu ya mfalme. Sisi tupo. Goti la Mama limetulia ila jicho la kushoto sasa limefunga kabisa na la kulia linafuata. Daktari anasema ni mtoto wa jicho na tusubiri zamu. Nilimsomea barua yako mara mbili. Aliishika mwenyewe, akaipapasa, kisha akaiweka chini ya mto. Wanangu wanakusalimu. Paka ameiba samaki wa padri, hatuna uso wa kwenda kanisani.

Karatasi hii ya pili simsomei.

Wewe umenifanya mimi mtoto? Nyumba gani ya ibada inajaa Jumamosi? Kwanza nikadhani umehamia kwa Wasabato, nikacheka peke yangu. Kisha nikajiuliza, Wasabato wa wapi wanaomlipa mtu asimame langoni wiki nzima. Kicheko kikanikauka.

Lawrence, niambie kwamba si kwa Wayahudi. Hao watu sina neno nao, hawajatukosea. Lakini wageni wa hoteli aliyolinda Baba walikuwa wao, na unajua lile gari la bomu lilikuja kumtafuta nani na likamkuta nani. Wewe ulikuwa mdogo, unalolijua ni lile la mtaani tu, kwamba dereva alimsalimu vizuri, akamwambia, "Fungua kidogo tu, mzee," na Baba akafungua. Umelisikia dukani, umelisikia shuleni, umepigana kwa ajili yake. Na sasa umekwenda kusimama penye lango lilelile.

Nilipofika kwenye neno bawabu Mama alinisimamisha akaniambia nirudie. Nikarudia. Akainuka kwenda kufunga kuku, na ilikuwa mchana.

Nijibu upesi, na usinizungushe.

Dada yako,
Dinah


Wembley, London
10 Septemba 2024

Dada,

Huu ukurasa wa kwanza ni wa Mama. Mama, shikamoo. Baridi imeanza kubisha hodi, nimenunua koti la mtumba linalonifika magotini na Mama Sushila anasema nimekuwa kama padri. Nala, nalala, nasali. Huku kuna mchicha, ila wanauuza kwa kifungu kidogo hata haya hawaoni. Dua zako nazisikia. Usihangaike na macho, zamu itafika.

Sasa hapa usisome kwa sauti.

Ndiyo, ni sinagogi. Nilitaka kukwambia, nikaogopa barua utakayoniandikia, na ndiyo hiyo umeniandikia. Sikuichagua. Kampuni ilisema ni huko au nikae nyumbani. Kuna ua wa vyuma mrefu kunizidi, lango kubwa lisilofunguliwa hovyo, na mlango mdogo pembeni ambao mimi ndiye mwenye kuufungua. Mwenzangu wa zamu ni Gurpreet, Singasinga ambaye baba yake alikuwa fundi wa magari Nakuru. Tunaongea Kiswahili kwenye redio tusipotaka mkubwa wetu aelewe tunamsema.

Dada, naogopa. Nakwambia wewe kwa sababu huku siwezi kumwambia mtu. Tangu vita vya huko kwao vianze, watu hupita kwenye gari wakatupigia kelele, na wiki iliyopita mmoja alisimama ng'ambo akalipiga picha lango, mimi nikiwa ndani ya picha. Mwezi huu kwao ni wa toba. Kila asubuhi hupuliza pembe ya kondoo wakati wa sala. Mara ya kwanza nilipoisikia nililala chini kifudifudi, na Gurpreet akanikuta nimeshika kofia kwa mikono miwili.

Tunaandaliwa kwa siku yao kubwa, ile ya Mambo ya Walawi, Siku ya Upatanisho. Mwaka huu inaangukia Jumamosi ya tarehe kumi na mbili Oktoba. Wanaanza kufunga Ijumaa jua likizama mpaka kesho yake giza liingie, hata tone la maji. Wanavaa nyeupe. Hawavai viatu vya ngozi, utaona mzee wa suti amevaa raba. Hapa kwetu hawaji kwa gari wala basi, hawashiki simu, hawabebi mfuko. Shali zao za sala wanazileta siku moja kabla. Mkubwa wetu Allan ametuonya: siku hiyo atakayekuja na mfuko si wao. Na akasema tumwogope zaidi yule atakayeonekana anatujua, maana mwenye nia mbaya humsoma mlinzi kwanza.

Hayo ndiyo maneno ninayolala nayo. Nikifumba macho naona gari. Namwona Baba anainua komeo.

Lakini nimeshaapa moyoni kitu kimoja. Mimi sitafungua.

Lawrence


Frere Town, Kisauni
29 Septemba 2024

Lawrence,

Salamu za huku ni fupi leo. Mama ni mzima wa mwili. Wanangu wana mtihani. Mvua ndogo bado.

Ukurasa wako nilimsomea Mama mpaka kwenye mchicha, akacheka. Kisha akaushika mkono wangu akauliza kama barua imekwisha. Nikasema imekwisha. Akasema, "Mbona nzito?" Nikamwambia ni karatasi za Ulaya.

Juzi nimemkuta ametoa ile kofia ya kazi ya Baba sandukuni na kuianika kwenye kamba. Haijatoka mle tangu mazishi. Sikumwuliza na hakunieleza. Nikarudi jikoni na sufuria yangu.

Nakuomba kama dada, na kama Mama pia kwa kuwa yeye hajui la kuomba: siku hiyo usiende. Sema unaumwa. Sema dada yako amefariki, nakuruhusu. Wakikufukuza, rudi nyumbani, tutakula tunachokula.

Kuna jambo la Baba ambalo ungelijua ungenielewa. Nimeanza kuliandika hapa mara nyingi na karatasi nimechana. Hapana. Wewe usiende tu.

Dinah


Wembley, London
15 Oktoba 2024

Dada Dinah,

Usishtuke kuona barua inaletwa kwa mkono. Amekuja nayo Nishma, binti wa Mama Sushila, anayekuja Nyali kwa likizo mpaka mwaka mpya. Mpe chai, ni mtu mwema. Mimi ni mzima, sina mkwaruzo. Mama mwambie hivyo kabla hujakaa, na umwambie siku ile imepita salama. Karatasi hizi nyingine ni zako.

Barua yako ya kuniomba nisiende ilinifikia jana. Siku ilikuwa imeshapita. Sijui kama ningekutii.

Jumamosi ilianza vizuri. Waliingia kwa miguu, familia kwa familia, weupe watupu, na kila aliyepita alinitakia heri. Wazee wenye njaa waliniuliza kama mimi nimekula. Mchana ukapita. Jioni wakaingia wote ndani kwa sala ya mwisho, wanaiita Neila. Rabi, kiongozi wao wa ibada, alinieleza Ijumaa kwamba ni sala ya milango ya mbinguni kufungwa. Mtu mwenye la kusema aliseme kabla haijafungwa, na humalizika kwa mlio mmoja mrefu wa pembe. Nje tukabaki mimi kwenye mlango mdogo na Gurpreet nyuma ya jengo. Barabara ilinyamaza. Jua lilikuwa linaondoka juu ya paa za nyumba.

Basi likasimama ng'ambo, akashuka mzee. Mzungu, mrefu, ameinama kidogo. Alisimama kituoni muda mrefu, basi jingine likaja likaondoka, hakupanda. Nikamwita Gurpreet kwenye redio kwa Kiswahili, kwa sauti, aje karibu, akajibu hawezi kuacha upande wake. Kisha mzee akavuka. Nikamwangalia miguuni, viatu vya ngozi vyeusi. Mkononi mfuko wa kitambaa.

Dada, kila nililoonywa lilikuwa linatembea kuja kwangu.

Nikamwambia asimame. Akasimama mbali kidogo na ua, akasema kwa Kiingereza amekuja kwa sala ya mwisho. Nikamwuliza anafahamiana na nani ndani. Akasema hakuna tena anayemfahamu. Nikamwambia hawezi kuingia. Utaratibu ni kwamba mgeni wa namna hiyo akija, nimwite mmoja wao kutoka ndani aje aongee naye. Ni jambo dogo. Lakini ili kumwita ningepaswa kumpa mgongo mzee yule na kuufungua mlango, na mkono wangu haukukubali.

Ndipo akatia mkono mfukoni. Nikapiga kelele autoe. Akautoa taratibu, mtupu, akanitazama kifuani, akaniambia kwa Kiswahili, cha bara kile kilichochongoka:

"Lawrence, usiogope. Fungua kidogo tu."

Sijui nikwambieje. Maneno yale, lugha yetu, jina langu. Sikuona mzee tena, niliona kwamba wamenisoma mpaka kaburi la baba yangu. Nikabonyeza redio nikaita polisi, nikajibana kwenye ua, na mlango nikaushikilia kwa mikono miwili kana kwamba kuna mtu anausukuma.

Walikuja upesi. Wakamsimamisha mzee kando ya ua, wakauchukua mfuko, wakaumwaga juu ya gari lao. Ilitoka shali nyeupe ya zamani yenye mistari myeusi. Ikatoka kofia ndogo. Zikatoka raba mpya, bado zina karatasi ndani. Alikuwa amezileta avibadili viatu vyake mlangoni.

Askari wakamwomba radhi. Wakati anakunja shali, pembe ikalia ndani, mlio mmoja mrefu. Mzee akasimama na zile raba mkononi mpaka ukaisha. Halafu milango ikafunguka, watu wakatoka wakipeana mikono, na yeye akageuka. Alipopita karibu nami alisema, "Wewe nafanya kazi yako, kijana." Hakukuwa na hasira ndani yake hata kidogo. Akavuka barabara akapanda basi.

Jina langu alilisoma kifuani, limeandikwa kwenye kitambulisho. Kiswahili alikisikia nikimwita Gurpreet. Gurpreet ndiye aliyenionyesha, mimi mwenyewe nisingeyaona haya hata leo. Allan amenisifu mbele ya wenzangu kwa uangalifu.

Jumatatu nilikwenda kwa Rabi. Nilimwomba anisemee kwa Mungu, siku yenyewe bado mbichi. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema siku ile hufuta yaliyo kati ya mtu na Mungu. Yaliyo kati ya mtu na mtu haiyagusi. Hayo mkosaji anakwenda mwenyewe, akikataliwa anarudi, mpaka mara tatu. Nikamwuliza, na kama aliyekosewa amekufa? Akasema basi unakwenda kaburini kwake na watu kumi, unayasema mbele yao.

Sina anwani ya mzee yule. Silali. Nimemfungia mtu mlango wa Mungu kwa sababu baba yangu aliufungua wa hoteli.

Lawrence


Frere Town, Kisauni
3 Novemba 2024

Mdogo wangu,

Nishma alikuja, akanywa chai, akamshika Mama mikono. Mama amepata tarehe ya jicho, ni mwezi huu. Hayo ndiyo mema.

Barua yako nimeisoma nimejifungia chooni. Nimelia, kisha nimejikasirikia. Ile karatasi niliyokuwa naichana sasa naiandika, na safari hii sichani.

Baba hakufungua.

Hebu fikiri kidogo, wewe unayejua kufikiri. Waliokuwa pale langoni walikufa wote, dereva na aliyekuwa naye, na mwenzake Baba wa zamu. Ni nani basi aliyebaki akasikia "fungua kidogo tu"? Hakuna. Ni maneno ya dukani, mtu aliyatunga, mwingine akayapamba, na sisi tukayala miaka yote hii.

Aliyeona ni Malek, yule mpishi anayeuza mihogo sasa pale Kongowea. Alikuja kwetu baada ya arobaini, wewe umelala. Alisema Baba mwenyewe aliwaambia wa jikoni kwamba gari aliliona baya kutoka mbali. Akamwambia mwenzake asifungue, akakimbia. Hakukimbilia barabarani, na barabara ilikuwa pale, hatua chache, angevuka akawa salama. Alikimbilia ndani, mpaka lango la nyuma la jikoni linalotokea ufukweni, ambalo lilifungwa kwa kufuli na ufunguo anao yeye. Akalifungua. Wapishi walitoka, wasichana wa kufua walitoka, Malek alitoka. Gari likavunja lango la mbele, likalipuka. Baba alikuwa bado amelishikilia lile la nyuma lisijifunge, anahesabu watu.

Utaniuliza kwa nini hukuambiwa. Mama ndiye aliyekataza, aliniapisha juu ya Biblia. Alisema: "Heri mwanangu aamini baba yake alikosea, kuliko ajue angeweza kuja nyumbani na hakuja." Hakumsamehe, Lawrence. Aliona Baba alituweka sisi kwenye mzani na wale wa jikoni, akawachagua wao. Na aliogopa kwamba wewe ukijua utataka kuwa kama yeye. Aliona bora uone haya kuliko ufe.

Mimi nilinyamaza kwa sababu niliogopa hilohilo. Ulipoandika "mimi sitafungua" nilijua tumekufundisha nini, na bado nikanyamaza. Nisamehe. Hii ni mara ya kwanza, ukikataa nitaomba tena.

Sasa mtafute mzee yule. Na baada ya hapo, tafadhali, acha ile kazi.

Dinah


Wembley, London
1 Desemba 2024

Dada Dinah,

Mama shikamoo. Nimesikia kutoka kwa Nishma kwamba jicho limepasuliwa na kitambaa kimetolewa, na kwamba kitu cha kwanza ulichokiona ni paka mezani. Nimefurahi mpaka nimemwambia dereva wa basi. Huku theluji bado, ila upepo wa asubuhi unauma masikio. Sasa Dinah, geuza.

Nimekusamehe kabla sijafika mwisho wa ukurasa, usiniombe tena. Siku tatu nilikuwa sijui nicheke au nilie. Nilikwenda kazini nikasimama langoni nikamwona Baba anakimbia, na mara ya kwanza maishani hakuwa anainua komeo. Lakini hofu haikutoka. Nilidhani nikijua ukweli itatoka. Imebadilika tu, zamani niliogopa kukosea kama yeye, sasa naogopa kupatia kama yeye.

Mzee nimempata. Anaitwa Emil. Mama Sushila ndiye aliyefanya upelelezi, maana wazee waliozaliwa Kenya huku wanajuana wote, Wahindi kwa Wazungu, wanakutana kunywa chai na kubishana barabara ipi ya Nakuru ilikuwa na duka gani. Wazazi wake walikimbia Ujerumani wakafika Nakuru, akazaliwa huko. Anaishi peke yake, ghorofa ya tatu, karibu na Edgware Road.

Nilikwenda Jumapili. Nikabisha. Nikasikia nyayo, nikaona tundu la mlango limeingia giza, jicho limekuja. Nikataja jina langu na lango. Hakufungua. Nilisimama pale nikajua alivyosimama yeye.

Wiki iliyofuata nikarudi, na Mama Sushila akakataa kubaki nyumbani, akaja na bakuli lake la dengu. Alipiga hodi kwa sauti ya sokoni na kuuliza kwa Kiswahili kama siku hizi watu wa Nakuru hawapokei wageni. Mlango ukafunguka, mnyororo haujatolewa. Nikaongea na nusu ya uso wake. Nilimwambia sikuja kujitetea. Nilimweleza Baba, lango, na yale maneno, na kwamba nilipaswa kumwita mtu na sikumwita kwa sababu ya woga.

Kisha akaniambia tangu amzike mke wake hakuingia tena sinagogi, alimkasirikia Mungu. Kila mwaka siku ile hupanda basi, hushuka pale kituoni, anasimama mpaka pembe ilie, anarudi. Miaka yote hiyo hakuvuka barabara. Mwaka huu alivuka.

Dada, nilishika ukuta.

Akasema hata yeye Jumapili iliyopita aliniona tundu zima limejaa mtu mkubwa mweusi, akaogopa, akazima taa. Akatoa mnyororo. Tulikula dengu. Kusamehe amenisamehe, alisema hivyo kwa mdomo wake, lakini ametoa sharti moja. "Mwaka kesho mimi nakuja. Wewe kuwa pale." Nikamwuliza na mlinzi mwingine je, hawezi kumfungulia? Akasema kwa mwingine hatavuka.

Basi unaona nilivyokwama. Umeniambia niache kazi, na mimi usiku na mchana natamani kuiacha. Jana gari lilipunguza mwendo mbele ya lango na nikajikuta nimeshika mlango kwa mikono miwili. Lakini nimekubali. Nitakuwa pale mpaka siku hiyo ije tena. Mwambie Mama, au usimwambie, sijui tena lipi ni la kumwambia.

Lawrence


Frere Town, Kisauni
22 Desemba 2024

Lawrence,

Heri ya Noeli kutoka kwetu sote, paka naye ameokoka kwa muda. Barua hii haina karatasi ya pembeni. Yote inasomwa.

Yako ilipofika Mama aliipokea yeye mlangoni. Macho sasa anaona. Nikamsomea ukurasa wa kwanza, nikakunja. Akanyoosha mkono akasema, "Lete na zile nyingine." Kumbe alijua tangu Agosti, vidole vyake vilikuwa vinahesabu karatasi vizuri kuliko masikio. Nikamletea zote, na nakala za zangu nilizokuwa nazo. Akasoma mwenyewe, barazani, kutwa nzima, midomo inakwenda. Chakula hakugusa. Mimi nilizunguka uani nikiogopa kumkaribia.

Jioni aliniuliza swali moja tu, kama yule Rabi alisema watu kumi au saba. Nikamwambia kumi.

Jumamosi tukaenda makaburini. Aliwaita wenzake wa Umoja wa Akina Mama, akamwita mwenye duka, yule ambaye maneno ya "fungua kidogo" yalikaa kwake kama bidhaa, na akanituma Kongowea nimlete Malek. Malek alivua kofia akasimama nyuma. Mama akawaambia wote kwanza lango lipi lilifunguliwa na lipi halikufunguliwa, na akamwambia Malek aseme, akasema. Mwenye duka aliangalia chini.

Kisha Mama akaligeukia kaburi. Hakupaza sauti. "Nimekukasirikia miaka yote kwa kuwa hukukimbia. Nikamwacha mwanao akuonee haya. Nisamehe." Akaweka mkono juu ya jiwe kama anayesubiri. Tukarudi nyumbani kwa miguu.

Kofia ya Baba ameifunga kwenye mfuko, Nishma atakuletea. Mimi nimemwambia ni ishara mbaya. Akasema ni kofia.

Kuhusu kazi nilimwuliza nikuandikie nini, nikategemea ataniambia nikuamuru urudi. Bado anaogopa, Lawrence, usidhani ameacha. Akisikia gari linafunga breki barabarani hushika kifua. Alichosema nakiandika kama alivyokisema, naye amekaa hapa anaangalia kalamu yangu nisibadilishe:

"Mwambie amfungulie yule mzee. Na siku yoyote akiona gari, awafungulie watu lango la nyuma watoke. Lakini asilishikilie yeye. Aweke jiwe. Na yeye atoke."

Dada yako,
Dinah